Pacha wangu na gofu: Marekani miaka minne, miaka miwili, au nibaki nao hapa?

MamaPacha_Kisumu
Habari zenu. Nina pacha, mvulana na msichana, walifanya KCSE mwaka jana. Wote wamekulia Nyanza Golf Club. Kijana ana handikapu 5, dada yake 7 (mikwaju ya ziada anayopewa mchezaji; ikiwa ndogo ndiyo bora). Naona njia tatu: chuo cha miaka minne Marekani, chuo cha miaka miwili huko huko halafu wahamie kingine, au waingie Maseno na gofu ibaki ya wikendi. Moyo wangu unataka waende pamoja. Nimeshindwa kuamua.

Nahodha_Njoro
Mama Pacha, kwanza watenganishe. Handikapu 5 klabuni kwetu ni sifa, lakini kocha wa timu ya wanaume ya daraja la kwanza NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo Marekani, anatafuta kijana anayemaliza karibu na pari, yaani idadi ya mikwaju iliyowekwa kwa uwanja, tena mashindanoni. Kwa msichana mwenye 7 mlango ni mpana zaidi, hasa daraja la pili. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa, usipoteze muda huko ukitafuta pesa ya gofu.

Halafu ulizeni hili kabla ya yote: mtoto wangu atakuwa wa ngapi kikosini? Timu huingiza watano, na mikwaju ya wanne bora ndiyo inayohesabiwa. Wa sita hubaki chuoni basi la timu likiondoka.

Dada_wa_Kakamega
Nilicheza timu ya wanawake daraja la pili miaka minne, sasa niko nyumbani. Nahodha amesema kweli kuhusu mlango. Sababu ni sheria ya Title IX ya mwaka 1972, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika vyuo vinavyopokea pesa za serikali kuu. Futboli ya Kimarekani ya ngazi ya juu ya daraja la kwanza ilikuwa na nafasi 85 za ufadhili kwa kila chuo, zote za wanaume, kwa hiyo vyuo vilifidia wanawake kwenye michezo mingine. Kwa miaka mingi gofu ya daraja la kwanza ilikuwa na ufadhili kamili 4.5 kwa timu ya wanaume na 6 kwa wanawake. Daraja la pili ni 3.6 na 5.4.

Hizo sehemu za desimali zisikupite, mama. Maana yake kocha anagawa. Mimi nilipewa nusu. Tangu 2025, vyuo vya daraja la kwanza vilivyokubali utaratibu mpya vina kikomo cha wachezaji tisa kila upande, na vinaweza kuwafadhili wote. Vinaweza, lakini havilazimishwi. Omba hesabu kwa maandishi: karo, malazi, chakula, vitabu, bima ya afya. Ile bima hatukuiulizia, na baba yangu aliuza ng'ombe wawili muhula wa kwanza. Bado inaniuma.

Kazi nayo isiwe tegemeo. Viza ya mwanafunzi, F-1, inaruhusu kazi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, ndani ya chuo tu, na mazoezi yenyewe yanaweza kufika saa 20. Mtihani mmoja niliufanya hotelini tukiwa safarini na timu, kocha akinisimamia.

BabaKijana_Nakuru
Wangu alianza chuo cha miaka miwili, ligi ya NJCAA. Alicheza kila wiki badala ya kukaa benchi, na mikwaju yake kwa raundi ikapungua vizuri. Lakini alipohama, baadhi ya masomo hayakukubaliwa, akarudia. Ulizeni mapema ni masomo gani yanahamishika.

Jingine: Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, mpira unaruka mbali. Alipofika tambarare, mipira ya fimbo yake ya chuma namba saba ilipungua umbali, akachanganyikiwa mwezi mzima. Nyinyi Kisumu mko chini zaidi, lakini mkituma video, mwambieni kocha ukweli kuhusu mwinuko na urefu wa uwanja.

Mwalimu_Bondo
Nimesoma yote, na hakuna aliyeuliza watoto wanataka kusomea nini.

MamaPacha_Kisumu
Mwalimu, nimewaita jikoni nikawauliza. Msichana ni uhandisi wa ujenzi, hana shaka. Kijana amenishangaza: anataka kutunza viwanja, nyasi, grini (sehemu ya nyasi fupi penye shimo), maji. Anasema amekuwa akiamka alfajiri kuwasaidia wale wanaokata nyasi, mimi nikidhani anafanya mazoezi.

Nahodha_Njoro
Basi huyo hahitaji timu ya gofu! Penn State na Michigan State zinafundisha utunzaji wa nyasi za viwanja vya gofu, kozi zikiwemo fupi za vyeti. Kucheza timu zao za Big Ten, ligi kubwa ya vyuo, ni ndoto kubwa mno kwake, lakini hiyo kozi si ndoto. Na kama karo itawashinda, aanze na kilimo Egerton, tuko jirani, anakaribishwa kwetu Njoro kufanya kazi na watunza uwanja.

Dada_wa_Kakamega
Na msichana anitumie kadi zake za alama, za mashindano pekee. Nitampa orodha ya vyuo vya daraja la pili vyenye uhandisi. Si vingi, tuanze mapema.

MamaPacha_Kisumu
Anazitafuta sasa hivi. Kijana ameuliza kama anaweza kuja huko Njoro Jumatatu.