Tupeane uzoefu: muvi ya sayansi ya kubuni iliyokukamata, na ubishi uliofuata

#1
Wakuu, salaam. Naleta uzi wa kupeana uzoefu kuhusu muvi za sayansi ya kubuni: vyombo vya anga, roboti, viumbe kutoka sayari nyingine, mambo ya kuchezea muda. Siombi orodha ya kumi bora. Nataka kisa chako: uliitazama na nani, kipande gani kilikukamata, na ilipoisha mkabishana nini. Muvi hizi ubishi wake ni nusu ya utamu. Kwa ambao hawajatazama, tahadhari, humu tunamwaga kila kitu.

Yangu ni Interstellar ya 2014. Wengi hutaja lile wimbi au shimo jeusi. Mimi nilimalizwa na kipande kisicho na mlipuko wowote. Mwanaanga Cooper amerudi chomboni kutoka sayari ya maji iliyo jirani na shimo jeusi (gimba lenye mvutano mkali hata mwanga hauponyoki), ambako saa moja ni miaka 7 ya duniani. Saa chache walizokaa kule zimekula miaka 23. Anaketi mbele ya skrini, anafungua jumbe za video zilizorundikana. Mwanawe Tom ni kijana aliyemaliza shule, mara ana mtoto, mara mtoto yule ameshazikwa na babu naye amefariki. Kamera inarudi na kurudi kwenye uso wa baba. Kisha anatokea binti, Murph, aliyegoma kumtumia ujumbe miaka yote hiyo. Amefikisha umri aliokuwa nao baba yake siku ya kuondoka.

Niliitazama na kaka yangu, baharia, mtu wa kukaa majini miezi na miezi. Aliomba nirudishe kipande kile, tukakitazama tena, halafu akatoka nje kumpigia simu binti yake.

Rafiki yetu mmoja akadai saa moja kuwa miaka 7 ni chumvi. Hapo moto ukawaka. Mshauri wa muvi ile alikuwa Kip Thorne, mmoja wa washindi wa Nobel ya fizikia ya 2017, na alikokotoa kabisa: inawezekana, mradi shimo jeusi liwe kubwa mno na lizunguke kwa kasi inayokaribia kikomo chake. Mvutano mkali hupunguza mwendo wa muda; ndiyo maana hata saa za setilaiti za GPS, kule juu ambako mvutano wa dunia ni hafifu, hukimbia mbele ya zetu kwa takriban mikrosekunde 38 kila siku. Zisiporekebishwa, ramani ya simu itakupeleka siko.

Haya, zamu yenu.

#2
Mkuu, mimi ni mtu wa 2001: A Space Odyssey, ya Stanley Kubrick, 1968. Kompyuta HAL imemfungia nje mwanaanga Dave Bowman, na helmeti hana. Anafyatua mlango wa kichombo chake na kurushwa ndani ya chumba cha dharura. Hakuna muziki, hakuna mlio, kimya kitupu. Mmoja wetu akaanza kuhangaika na rimoti akidhani sauti imekatika! Bowman anaufikia wenzo, mlango unafunga, hewa inaingia, na hapo hapo sauti inarudi kwa kishindo.

Angani hakuna hewa ya kubeba sauti. Kubrick aliliheshimu hilo mwaka mmoja kabla ya mtu kukanyaga Mwezi. Tangu hapo, mizinga inayonguruma angani kwenye muvi nyingine hainiingii akilini. Wenzangu hunilaumu kuwa nawaharibia raha, lakini nitaendelea kusema.

#3
Sisi Blade Runner nusura ituvunjie urafiki. Swali ni lile lile la miaka yote: Deckard, anayewasaka binadamu wa kutengenezwa, je, naye ni wa kutengenezwa? Mwenzangu aliapa ni mtu kamili. Mimi nikamkumbusha ile ndoto ya Deckard ya farasi mwenye pembe moja, halafu mwishoni Gaff, polisi mwenzake, anamwachia farasi huyo huyo aliyekunjwa kwa karatasi. Gaff aliijuaje ndoto ya mtu? Mwenzangu akanikazia macho: "Ndoto gani?"

Kumbe yeye alitazama toleo la sinema la 1982, lenye sauti ya Deckard akisimulia na mwisho wa furaha uliobandikwa na studio. Ndoto haimo humo. Imo katika toleo la 1992 na lile la mwisho la 2007. Tulikuwa tunagombania muvi mbili zenye jina moja. Tukakaa tukatazama la 2007 pamoja, na bado hatukukubaliana. Wala hatuko peke yetu: mwongozaji Ridley Scott amekuwa akisema Deckard ni wa kutengenezwa, na Harrison Ford kwa miaka mingi alishikilia kuwa ni binadamu. Kwangu hili ni jambo zito. Kama kumbukumbu zangu zote zingepandikizwa, ningezililia vile vile?

#4
Alien, 1979. Mezani, mdudu anapasua kifua. Waigizaji walijua kuna kitu kitatoka, ila hawakuambiwa damu itaruka kiasi gani. Mshtuko wa Veronica Cartwright pale ni wa kweli. Dada yangu alitazama kipande chote kupitia tundu za kitambaa cha mto, na hadi leo ndiyo muvi anayoipenda kuliko zote.

#5
Naomba niseme la uchungu kidogo. Nimependa Star Wars tangu utotoni. Mwaka 1999 The Phantom Menace ilipotoka, watu walimchukia Jar Jar Binks, na chuki ile ikamwangukia kijana aliyemwigiza, Ahmed Best. Mwaka 2018 alisema hadharani kuwa ilifika mahali akataka kujiua. Mwaka huo huo Kelly Marie Tran, mwigizaji mwingine wa Star Wars, alifuta picha zake Instagram kwa sababu ya matusi. Kosa lake nini? Kuigiza.

Nilikuwa kwenye grupu la mashabiki ambako matusi ya aina hiyo yalisambazwa kama burudani. Nilisema siafiki, nikatoka. Kuikosoa hadithi ni haki yetu, hata kwa ukali. Mtu aliyeajiriwa kusema maneno yaliyoandikwa na mwingine anahusika vipi? Best aliporudi 2023 kwenye The Mandalorian, safari hii akiwa Jedi, shujaa wa hadithi zile, mwenye upanga wa mwanga mkononi, nilisimama sebuleni nikapiga makofi.

#6
Mimi ni mwalimu. Niliwaonyesha wanafunzi wangu Pumzi ya 2009, ya mwongozaji Mkenya Wanuri Kahiu. Ni fupi, kama dakika 20, inaisha ndani ya kipindi. Dunia imekauka baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, ndoto zinazimwa kwa vidonge, na kila tone la jasho na mkojo linasafishwa linywewe tena. Asha, mhusika mkuu, anapata udongo wenye unyevu, anapanda mbegu, inachipua. Anatoroka nao jangwani kuutafutia mche mahali pa kukua, na mwisho anaumwagilia maji yake ya mwisho, kisha anaukinga jua kwa mwili wake.

Darasa lilipasuka pande mbili. Kijana mmoja alisema Asha angekunywa yale maji, arudi kuwaleta wenzake, wapande miche mingi. Msichana wa nyuma akamjibu: wenzake wepi, wale waliomnyima kibali cha kutoka? Kengele ililia, hakuna aliyeinuka.

#7
Mleta mada, nakupinga kwa heshima. Interstellar ni nzuri hadi Cooper, akiwa ndani ya shimo jeusi, anapojikuta nyuma ya kabati la vitabu la binti yake, akimwona katika nyakati zilizopita. Baada ya hesabu zote za Thorne, tunaambiwa upendo ndio unaovuka muda? Hapo sayansi imeachwa mlangoni.

#1
Mkuu #7, naona tofauti. Kinachovuka muda pale ni mvutano wa graviti, ndio unaosogeza vitabu na mshale wa saa. Upendo unamsaidia tu kujua ni sekunde ipi ya kumtafuta binti yake. Rudia pale anapoigusa saa ya mkononi, halafu uje tuendelee. Na waliotazama Arrival ya 2016 mko wapi? Nataka kujua: mngekuwa Louise, mama anayeona mambo yajayo, mnajua yatakayompata mtoto, mngekubali kumzaa?