Kampuni 3 za ushauri wa usafiri wa anga: tulinganishe vipi wasifu wa viongozi wake?

Mkazi wa Ilemela: Habari zenu wanajukwaa. Sisi wabia wanne wa hapa Mwanza tunakusudia kuanzisha huduma ya ndege ndogo za abiria kwenda Bukoba na Chato, na tunatafuta kampuni ya kutushauri hadi tupate cheti cha uendeshaji kutoka TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Zimebaki tatu, na kwa kuwa bei zao hazipishani sana, tumeamua kulinganisha viongozi. Ya kwanza inaongozwa na rubani mstaafu wa ndege kubwa. Ya pili iko chini ya aliyekuwa mkaguzi wa usalama katika mamlaka ya nchi nyingine, na ya tatu ni ya mhandisi wa matengenezo akishirikiana na mhasibu. Binafsi ninavutiwa na rubani.

Mwongoza Ndege Mstaafu: Ndugu, usivutwe na mistari minne ya begani, alama ya cheo cha rubani mkuu. Kanuni za kimataifa humzuia rubani aliyefikisha miaka 65 kurusha ndege za kibiashara katika safari za kimataifa, ndiyo maana wengi wao huhamia kwenye ushauri, na baadhi ni hodari kwelikweli. Hata hivyo, aliyezoea ndege kubwa na viwanja virefu huenda hajawahi kupanga ratiba ya ndege ya abiria 12 kandokando ya Ziwa Victoria, ambako mvua za radi hujikusanya juu ya maji usiku hadi alfajiri na kuhamia nchi kavu mchana. Uso wa ziwa wenyewe uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Jua la saa nane likipamba moto hewa huwa nyepesi, na ndege huhitaji mwendo mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Muulize amerusha nini, wapi, na mara ya mwisho lini.

Binti wa Nyamagana: Shikamoo mzee wangu. Mimi ningemchagua mkaguzi. Cheti hupatikana kwa hatua 5: maombi ya awali, maombi rasmi, uchambuzi wa nyaraka, ukaguzi wa vitendo, kisha utoaji wa cheti. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilikwama katika hatua ya tatu kwa miezi mingi, kwa sababu mshauri alinakili miongozo ya kampuni nyingine, hata ikataja ndege ambayo hatukuwa nayo! Mkaguzi angeliona hilo siku ya kwanza. Ila mwulizeni alistaafu mwaka gani, kwani Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago (mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga), kinachohusu usimamizi wa usalama, kilianza kutumika mwaka 2013.

Fundi wa Kirumba: Msimdharau mhandisi na mhasibu wake. Injini hufanyiwa matengenezo makubwa kwa kuhesabu saa ilizofanya kazi, na fedha hizo zisipotengwa tangu safari ya kwanza, ndege italala chini siku zamu yake ikifika.

Mwongoza Ndege Mstaafu: Marahaba binti yangu. Kuna jambo ambalo wasifu wote watatu hauligusi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege aina ya ATR 42 iliyobeba watu 43 iliangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, na watu 19 wakafariki. Wavuvi na mitumbwi yao walikuwa miongoni mwa waokoaji wa mwanzo kabisa. Viwango vya kimataifa vinataka kiwanja kilicho karibu na maji mengi kiwe na huduma maalumu ya uokoaji. Kwa njia zenu, ningetanguliza kiongozi aliyewahi kuandaa mpango wa dharura wa majini, awe rubani au mhasibu.

Mkazi wa Ilemela: Nashukuru, mzee wangu. Tumeziandikia kampuni zote tatu tukitaka mpango wa dharura ambao kiongozi mwenyewe aliwahi kuuandaa, pamoja na jina la atakayekaa nasi Mwanza. Ya rubani imejibu kwa kutuma wasifu uleule, safari hii ukiwa na picha.