Tunahamia Dodoma na watoto wawili wa shule ya msingi: mzazi ajue nini kabla ya Januari 2026?

MamaWawili

Habari za leo, ndugu zangu. Familia yetu inahamia Dodoma kutoka Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka huu kwa sababu ya uhamisho wa kikazi wa mume wangu, na tumekwisha kupata nyumba ya kupanga Nzuguni. Tuna watoto wawili: binti anayeingia Darasa la Nne Januari 2026, na mdogo wake wa kiume ambaye amemaliza awali na anaanza Darasa la Kwanza. Wote watasoma shule ya msingi ya serikali iliyo karibu na nyumbani. Uamuzi huo siuombei ushauri, maana tumeupima kwa mfuko wetu na kwa umbali, na tumeridhika.

Ninachoomba ni kuelezwa maisha ya kila siku ya mtoto akiwa shuleni huko: anaingia na kutoka saa ngapi, mchana anakula nini, mzazi anachangia nini na kwa utaratibu upi ilhali elimu ni bila ada, adhabu zikoje, na nikiwa na jambo naanzia kwa nani. Mdogo wangu anayeishi Kizota ameniambia tu nijiandae na fagio, kidumu na mahindi, kisha akacheka. Ningependa jibu lililo kamili zaidi ya hilo.

Mwalimu Mstaafu

Karibu Dodoma, mwanangu. Nimefundisha katika wilaya ya Bahi na baadaye hapa jijini hadi nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu, kwa hiyo nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza lakini ndilo linaloweza kukuletea usumbufu mkubwa, nalo ni uhamisho wa binti yako. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba yake katika mfumo wa PREMS wa Baraza la Mitihani, na namba hiyo humfuata mpaka atakapomaliza. Mtoto akihama, haitoshi mzazi kubeba barua na ripoti ya maendeleo. Shule anakotoka inapaswa kumhamisha katika mfumo, na shule anakokwenda inapaswa kumpokea humo humo. Darasa la Nne hufanya Upimaji wa Kitaifa mwishoni mwa mwaka, na wanafunzi husajiliwa kwa upimaji huo miezi mingi kabla, kwa hiyo mtoto ambaye mwili wake uko Nzuguni na jina lake bado liko Dar es Salaam huanza kuhangaikiwa wakati wenzake wamekwisha kutulia darasani. Fahamu pia kwamba binti yako yumo katika utaratibu mpya wa miaka sita ya elimu ya msingi. Walioingia Darasa la Tatu Januari 2024 ndio watakaokuwa wa kwanza kumalizia Darasa la Sita mwaka 2027, pamoja na kundi la mwisho la Darasa la Saba. Yeye anawafuata, na mwaka wake wa kumaliza ni 2028.

Kuhusu siku ya shule, masomo huanza kati ya saa 1:30 na saa 2:00 asubuhi, lakini wanafunzi wa madarasa ya juu hutakiwa kufika mapema zaidi kwa ajili ya usafi, kisha hufuata paredi, ukaguzi wa kucha na sare, na matangazo ya mwalimu wa zamu. Kipindi cha Darasa la Kwanza na la Pili ni dakika 30, na kuanzia la Tatu ni dakika 40. Wadogo hutoka karibu na saa 5 au saa 6, na wakubwa saa 8:30 au saa 9 mchana. Hapa jijini idadi ya watu imeongezeka sana tangu Serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, kwa hiyo shule zenye uhaba wa vyumba huwagawa wadogo katika mikupuo miwili, mmoja wa asubuhi na mwingine wa mchana. Uliza mapema mwanao atakuwa katika mkupuo gani, kwa sababu jambo hilo ndilo litakaloamua nani atakuwa nyumbani kumpokea au kumwandaa.

Fagio na kidumu si mzaha. Mji wetu ni mkavu, mvua zetu ni za kuanzia Desemba hadi Aprili tu, na bomba la shule halitoi maji kila siku. Kidumu cha lita tatu kinamtosha mtoto wa Darasa la Kwanza, na ukiona mwanao anatwishwa ndoo, uliza.

Kuhusu adhabu, Kanuni za mwaka 2002 zinasema kiboko ni kwa kosa kubwa, visizidi vinne, na kitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa kama hayupo shuleni, na adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Mwalimu anayeingia darasani na fimbo mkononi kwa ajili ya majibu ya Hisabati yuko nje ya kanuni hizo, hata kama wazazi wenyewe wamemzoea. Mtoto akirudi na alama mwilini, mpeleke kwanza akatibiwe, kisha nenda kwa mwalimu mkuu uombe kuona kitabu hicho. Usiende kugombana na mwalimu mbele ya darasa, kwa maana mtoto ndiye atakayebaki naye hadi Desemba.

Mambo mengine yote huanzia kwa mwalimu wa darasa, yakishindikana yaende kwa mwalimu mkuu, kisha Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu Msingi wa Jiji. Wazazi wengi hapa, hasa watumishi wa ofisi kubwa, huruka ngazi zote hizo na kupiga simu kwa mtu wanayemfahamu wizarani, kule Mtumba. Jambo hurudi kwa mwalimu wa darasa lile lile, ila sasa limekuja na kinyongo.

Mjumbe wa Kamati

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule katika mojawapo ya kata za jijini, kwa hiyo nitajibu suala la michango, ambalo Mwalimu amelipita kwa busara zake.

Tangu Januari 2016 elimu katika shule za msingi za umma ni bila ada wala michango ya lazima, kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015. Badala yake Serikali hutoa ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 6,000 huingia katika akaunti ya shule na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Piga hesabu mwenyewe: shule ya wanafunzi 1,000 inapata shilingi milioni 6 kwa mwaka, yaani laki 5 kwa mwezi, na humo itoe chaki, karatasi za mitihani na ukarabati mdogo. Chakula hakimo. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 unamwachia mzazi sare, madaftari na kalamu, matibabu, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Ndiyo maana mtu anaweza kusema kwa ukweli kwamba elimu ni bila ada, na jirani yake akasema kwa ukweli ule ule kwamba ametoa fedha shuleni wiki iliyopita.

Utaratibu wake ni huu. Wazazi huitwa mkutanoni, kamati huwasilisha makisio ya mahindi, maharage, kuni, na malipo ya mpishi na mlinzi, wazazi hukubaliana kiwango, na makubaliano huandikwa katika muhtasari. Vijijini wengi huleta nafaka yenyewe baada ya mavuno. Huku mjini hutozwa fedha. Mwalimu mkuu ni katibu wa kamati, lakini kushika fedha za michango si kazi ya mwalimu. Januari 2018 Rais Magufuli aliwakataza walimu kukusanya michango, na akasisitiza kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachangia. Kwa hiyo toa mchango wako kwa kamati, na udai stakabadhi. Kwa kawaida watoto hupata uji asubuhi, na makande au ugali na maharage mchana. Shule nyingine zina uji tu, na nyingine hazina kitu kabisa, maana wazazi hawakukubaliana.

Nakuomba uhudhurie mkutano wa kwanza wa mwaka. Wazazi wapya hulalamika mwezi Machi kuhusu kiwango kilichopitishwa Januari mbele ya watu wachache waliofika.

Baba wa Ipagala

Ndugu Mjumbe ameeleza vizuri jinsi mambo yanavyopaswa kuwa, lakini dada yetu ameuliza maisha yalivyo, kwa hiyo nami niseme nilichokiona. Katika shule wanayosoma wanangu, mchango ni wa hiari mpaka siku ya kuukusanya. Majina ya ambao hawajatoa yalisomwa paredini, na wakati wa uji watoto hao walikuwa wakiambiwa wasubiri pembeni wenzao wamalize. Hakuna aliyerudishwa nyumbani, hivyo agizo halikuvunjwa, lakini mtoto wa Darasa la Pili aliyesimamishwa pembeni na kikombe kitupu hawezi kuelezwa maana ya hiari.

Tulilipeleka jambo hilo mkutanoni, na baada ya mabishano marefu tukakubaliana kwamba orodha ya wasiotoa ibaki kwa mweka hazina na wazazi wenyewe, isifike darasani, na kwamba mzazi asiye na fedha anaweza kuleta kuni, kuteka maji au kusaidia jikoni kwa zamu. Tangu hapo watoto wote wanakula kwenye foleni moja. Ninakushauri uulize kuhusu jambo hilo siku ya kwanza kabisa: mtoto ambaye mzazi wake hajatoa anafanywaje? Jibu utakalopewa litakueleza shule hiyo vizuri kuliko wastani wake wa mitihani.

Mjumbe wa Kamati

Nakubaliana nawe, ndugu yangu, na sitetei kusoma majina paredini. Ila tukumbuke pia upande wa jikoni. Januari hadi Machi ndiyo miezi migumu katika mkoa wetu, kwa kuwa akiba ya nafaka inakuwa imepungua na shamba bado halijaiva, na ndiyo miezi ambayo watoto huhitaji uji zaidi na wazazi huwa na uwezo mdogo zaidi. Kamati inayokusanya baada ya mavuno na kununua mahindi wakati bei iko chini hulisha watoto wengi zaidi kwa fedha ile ile. Muulize mwenyekiti wao wananunua lini.

Mwalimu wa KKK

Nafundisha KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, Darasa la Kwanza, na nitazungumzia mdogo. Atakuwa katika darasa kubwa, pengine kubwa mno, na kwa idadi hiyo mwalimu hawezi kusikiliza kila mtoto akisoma kila siku. Hii ndiyo sehemu ambayo mzazi hana mbadala: fungua madaftari yake kila jioni, mwache asome kwa sauti silabi alizojifunza, na akikosea usimmalizie neno. Usimnunulie vitabu vingi vya mazoezi. Ukiona hadi muhula wa kwanza unafungwa mwezi Juni bado hajatambua herufi, njoo tuzungumze, usisubiri ripoti ya Desemba. Jambo jingine ni macho na masikio. Watoto wengi huitwa wazito wa kuelewa, kumbe hawaoni ubao.

Kuna mambo ya hapa kwetu pia. Kipindi cha kiangazi kina upepo na vumbi, na mkoa huu, hasa Kongwa, umesumbuliwa na trakoma kwa muda mrefu, kwa hiyo mfundishe kunawa uso kwa maji safi kila asubuhi na kutotumia taulo la mwenzake. Juni na Julai asubuhi ni baridi kuliko mlivyozoea Pwani, na sweta ni sehemu ya sare. Msinunue kabla ya kuuliza rangi yake, kwa maana rangi ya sweta ndiyo inayotofautisha shule na shule. Wakati wa mvua chunguzeni njia anayopita. Makorongo yetu huwa makavu kwa miezi mingi, halafu siku moja hujaa ghafla, na siku hiyo ni afadhali mtoto akose shule.

Siku ya kugawa dawa za kichocho na minyoo, mtoto ale kwanza ndipo aje, kwa kuwa akinywa dawa hizo na njaa huweza kutapika na kusikia kizunguzungu. Binti yako akiwa na umri wa miaka 9 hadi 14 anahusika pia na chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo sasa ni dozi moja na hutolewa hata shuleni. Kama amekwisha kuipata huko Dar es Salaam, njoo na kadi yake.

MamaWawili

Shikamoo Mwalimu Mstaafu, na nawashukuru nyote kwa kutumia muda wenu. Nimeandika maswali ya kwenda nayo, likiwamo lile la Baba wa Ipagala. Nina moja tu lililobaki: je, uhamisho wa binti nikauanzishe huku kabla shule hazijafungwa, au nisubiri tufike Dodoma Januari?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Anza sasa. Kwanza pata uthibitisho kwamba shule ya Nzuguni ina nafasi Darasa la Nne, kwa kuwa hakuna mwalimu mkuu atakayemwachia mwanafunzi asikojua anakwenda. Mumeo akija kukagua nyumba apite shuleni hapo siku ya kazi. Ukishapata nafasi, omba barua katika shule ya sasa na uhakikishe umeondoka na namba ya PREMS iliyoandikwa vizuri pamoja na ripoti ya Darasa la Tatu. Shule hufungwa mwanzoni mwa Desemba, na baada ya hapo walimu wakuu wengi husafiri. Huyo mdogo mwandikishe safari hiyo hiyo, kwa maana uandikishaji wa Darasa la Kwanza unafanyika kipindi hiki, na mumeo abebe nakala ya cheti chake cha kuzaliwa.