Fidla mbili, viola na chelo: nianze kusikiliza wapi?

Mkaazi wa Kibokoni:
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nimekulia katika taarab, na sikio langu limezoea fidla inayoyafuata maneno ya mwimbaji. Juzi nilisikia muziki wa klasiki wa fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo, ya sauti nzito zaidi) na chelo (fidla kubwa ya sauti nzito, mpigaji huipiga ameketi), bila mwimbaji wala ngoma. Ulinivutia mno, lakini nikapotea njiani. Asili yake ni ipi, na mgeni ausikilize vipi?

Mpiga Fidla wa Tudor:
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Huo ni muziki uliotungwa upigwe sebuleni, mara nyingi na wenye nyumba na wageni wao, kabla haujahamia kumbini. Kila chombo kina sehemu yake peke yake na hakuna anayesimama mbele kuongoza, hivyo wapigaji hulazimika kusikilizana hata pumzi. Aliyeupa heshima yake ni mtunzi Joseph Haydn wa Austria, ambaye kazi zake za vyombo hivyo vinne huhesabiwa kuwa 68, nyingi akiwa mtumishi wa jamaa ya Esterházy. Katika zile sita alizotunga 1781, vyombo vinapokezana mazungumzo kama wazee barazani. Mtunzi mwenzake, Mozart, akajibu kwa sita zake, zilizochapishwa 1785, akamtunuku Haydn mwenyewe. Anzia hapo, na mara ya kwanza ifuate chelo peke yake mpaka mwisho.

Binti wa Mji wa Kale:
Shikamoo, kaka. Naafiki habari ya chelo, ila kwa sikio la taarab ningeanza na mtunzi Schubert. Mwaka 1828, miezi michache kabla ya kufariki akiwa na umri wa miaka 31, alitunga kazi ya watu watano, akaongeza chelo ya pili. Haikupigwa hadharani hadi 1850. Mtunzi Beethoven, kwa kazi za miaka yake ya mwisho, asubiri: kazi yake ya 1826 yenye sehemu saba zisizo na kituo humchosha mgeni, ingawa mimi naipenda kuliko zote.

Mkaazi wa Kibokoni:
Marahaba, dada, na ahsanteni nyote. Nimeisikiliza sehemu ya pili ya Schubert mara tatu usiku huu. Vyombo vitatu vya kati vinavuta sauti ndefu, taratibu mno, huku chelo ya pili ikidonolewa kwa vidole chini yake, nami nikaukumbuka udi. Kesho namfuata Haydn.