Je, fedha za serikali huongeza watoto, au huwaharakisha tu?

Swali

Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Tangu mwaka 2006 Korea Kusini imekuwa na mipango ya kitaifa ya kuhimiza uzazi, na fedha zilizotumika si haba. Hata hivyo mwaka 2023 kiwango chake kilishuka hadi watoto 0.72 kwa kila mwanamke, ilhali nchi huhitaji takriban 2.1 ili idadi ya watu isipungue bila wahamiaji. Je, fedha hizo hazitoshi, au zimeelekezwa pasipostahili?

Jibu la 1

Ndugu muulizaji, kwanza tumtenganishe mtoto aliyezaliwa mapema na mtoto ambaye asingezaliwa kabisa. Katika miaka ya 1980, Uswidi iliweka kanuni kwamba mzazi anayepata mtoto mwingine ndani ya miezi 24, baadaye 30, angeendelea kulipwa posho ya likizo ya malezi kwa kufuata mshahara aliokuwa nao kabla ya mtoto aliyetangulia, hata kama sasa anafanya kazi nusu siku. Wazazi walipiga hesabu, wakapunguza nafasi kati ya mtoto na mtoto, na mwaka 1990 kiwango kikafika 2.1. Kufikia mwisho wa muongo huo kilikuwa 1.5. Mdororo wa uchumi ulichangia, lakini pia baadhi ya watoto waliotarajiwa baadaye walikuwa wamekwisha kuzaliwa. (Mwanasiasa angejipongeza mwaka 1990, mtakwimu angesubiri.)

Jibu la 2

Nakubaliana nawe, ila hoja hiyo isitufanye tudharau kila sera. Hungaria, kwa mfano, iliwasamehe kodi ya mapato akina mama wenye watoto wanne au zaidi kuanzia 2020, lakini msamaha huo humfaa mwenye mshahara, wala haumpi mtu wa kumshikia mtoto anapochelewa kutoka kazini. Kwa maoni yangu, siku 90 za likizo ya malezi ambazo Uswidi humtengea kila mzazi, na ambazo baba hawezi kumwachia mama, zinagusa kiini cha jambo zaidi. Nakiri hata hivyo kwamba Ufini, yenye huduma nzuri za malezi, nayo ilishuka chini ya 1.3 mwaka 2023.

Jibu la 3

Naomba amri zisiingizwe katika mjadala huu. Mwaka 1966 Romania ilipiga marufuku utoaji mimba isipokuwa kwa sababu chache. Kiwango kikaruka kutoka 1.9 hadi 3.7 mwaka uliofuata, kisha kikaporomoka watu walipopata njia za kichochoro, na wanawake wengi wakafia humo hadi sheria ilipofutwa Desemba 1989.

Muulizaji

Nawashukuru. Naona nililiuliza swali vibaya, kwa kuwa nilitazama kiwango cha mwaka mmoja. Je, kuna mwenye takwimu za Uswidi zinazoonyesha jumla ya watoto ambao mwanamke huwa amezaa afikapo umri wa miaka 45?