Mfalme wa Hispania aiombe radhi Mexico kwa yaliyowakuta Waazteki, au yaishe?

Mtoa Hoja:
Wakuu, heshima kwenu. Mwaka 2019 Rais López Obrador wa Mexico alimwandikia barua Mfalme Felipe wa Sita, na Papa pia, akitaka waombe radhi kwa uvamizi wa Mhispania Hernán Cortés dhidi ya Waazteki. Hispania ikagoma. Mwaka 2024 Rais Sheinbaum hakumwalika mfalme huyo kwenye kuapishwa kwake, Hispania nayo ikasusa. Mimi nasema aombe. Tenochtitlan, makao makuu ya Waazteki, ulikuwa mji uliojengwa juu ya ziwa, una mifereji, mashamba ndani ya maji, na shule hadi kwa watoto wa makabwela. Ukazingirwa karibu miezi mitatu, ukaanguka 13 Agosti 1521. Mnasemaje?

Kichwa Ngumu:
Radhi ya nini? Hao jamaa walikuwa wanampasua mtu kifua akiwa hai, moyo unatolewa ili eti jua lisizimike. Walipozindua hekalu lao walichinja watu 80,000 kwa siku nne. Mhispania apewe nishani.

Mwalimu Mstaafu:
Kijana, hesabu kidogo. Hiyo 80,400 imeandikwa na padri Diego Durán, karibu miaka mia baada ya sherehe yenyewe ya 1487. Siku nne ni dakika 5,760. Kwa hiyo watu kumi na wanne kila dakika, usiku na mchana, kwa visu vya mawe, juu ya ngazi za piramidi. Hata machinjio ya kisasa yangeelemewa.

Kichwa Ngumu:
Kwanza usiniite kijana, nina wajukuu. Pili, mwaka 2015 wanaakiolojia si walifukua ukuta wa mafuvu nyuma ya kanisa kuu la Mexico City? Mafuvu zaidi ya 600, mengine ya wanawake na watoto. Hayo nayo yaliandikwa na Durán?

Mwalimu Mstaafu:
Nani kasema hawakutoa kafara? Walitoa, kwa mungu wao wa vita Huitzilopochtli na kwa Tlaloc wa mvua, na wengi wao walikuwa mateka wa vita. Nimekataa 80,000, sijakataa kafara. Babu mzima unasoma nusu ya sentensi.

Pwani Raha:
Na huyo Mhispania mleta ustaarabu huko kwao alikuwa anachoma watu hai kwa kosa la imani. Hilo mbona hamlitaji?

Dereva wa Usiku:
Mnazunguka mbuyu. Kilichowaua Waazteki ni usaliti. Wahispania walikuwa mia kadhaa tu, waliojaza uwanja wa vita ni Watlaxcala, majirani. Halafu yule mwanamke, Malinche, mkalimani wa Cortés. Kapenda mzungu, kamnong'oneza siri zote, nchi ikaenda. Ndiyo kawaida yao.

Binti wa Pangani:
"Kawaida yao" kina nani? Rudi hapa ufafanue.

Dereva wa Usiku:
Dada, punguza moto. Naongelea historia.

Binti wa Pangani:
Basi tuiongelee. Malintzin, huyo Malinche wako, aliuzwa utumwani akiwa binti mdogo, akaangukia kwa Wamaya. Mwaka 1519 Wamaya waliposhindwa vita kule Potonchan, wakampa Cortés dhahabu, chakula na wanawake ishirini. Yeye mmojawapo. Aligawiwa pamoja na kuku! Kwanza alipewa afisa mwingine, Cortés akamchukua baadaye alipogundua anajua lugha. Mapenzi umeyaona wapi hapo? Nchi gani aliyoisaliti, hiyo iliyomuuza?

Dereva wa Usiku:
Lakini alitafsiri. Angenyamaza je?

Binti wa Pangani:
Mtumwa anyamaze mbele ya mwenye upanga. Ungenyamaza wewe, shujaa wa kwenye simu.

Kichwa Ngumu:
😂😂 Dereva, shusha abiria, gari limewaka.

Mwalimu Mstaafu:
Niongeze hapo. Mwanzoni hakujua Kihispania. Alikuwepo Jerónimo de Aguilar, Mhispania ambaye jahazi lake lilivunjika, akaishi kwa Wamaya miaka mingi. Cortés anamwambia Aguilar, Aguilar anamwambia Malintzin kwa Kimaya, naye anasema Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Hayo maneno mpaka yamfikie Moctezuma, mfalme wa Waazteki...

Pwani Raha:
Na Watlaxcala muwaache. Waazteki waliwazingira miaka na miaka mpaka wakala chakula bila chumvi, na mateka wao ndio waliopandishwa hekaluni. Halafu anakuja adui wa adui yako, unataka wamwimbie Moctezuma mapambio? Tena ndui ndiyo iliyomaliza kazi. Cuitláhuac, mfalme aliyemfuata Moctezuma na kuwatimua Wahispania mjini mwaka 1520, ndui ilimwondoa hata kabla ya mji kuzingirwa.

Dereva wa Usiku:
Kwa hiyo hakuna msaliti hata mmoja, mji ulijibomoa wenyewe. Sawa. Ila mwanamke huyo alizaa na Cortés, hilo mtalikataa?

Binti wa Pangani:
Alizaa, mtoto aliitwa Martín. Kisha Cortés akamwoza kwa askari wake. Mali hugawiwa hivyo hivyo.

Mtoa Hoja:
Jamani, mada ni RADHI. Rais wa Ujerumani Steinmeier alikwenda Songea Novemba 2023, akaomba msamaha kwa yaliyofanywa wakati wa Majimaji. Papa Francis aliomba msamaha Bolivia 2015 kwa dhambi za Kanisa dhidi ya wenyeji wa Amerika. Felipe anapungukiwa nini?

Kichwa Ngumu:
Songea wanasubiri mafuvu ya mababu zao, maneno walishayasikia. Na huyo López Obrador, babu yake mzaa mama katoka Hispania. Angeanza na kikao cha ukoo.

Pwani Raha:
Mimi ningeanza na lile taji la manyoya liitwalo la Moctezuma. Liko Vienna mpaka leo. Mexico ikiliomba, Austria inasema ni dhaifu, halistahimili kusafirishwa.

Mwalimu Mstaafu:
Pia Wanahua, watu wa lugha ya Kinahuatl, hawajaisha. Wanaoongea lugha hiyo wanazidi milioni moja na nusu. Radhi ikija, wapelekewe wao, isiishie ikulu.

Kichwa Ngumu:
Kabla ya mfalme, Dereva amwombe radhi Binti wa Pangani.

Dereva wa Usiku:
Siombi. Mimi nilisema "inasemekana".

Binti wa Pangani:
Hukusema "inasemekana". Panda juu usome.