Mrejesho: rezo (mtandao) ya masomo (shule) yetu sita hapa Bukavu

Bandugu aksanti sana. Mwezi uliopita niliuliza namna gani tutaunganisha masomo yetu sita za Ibanda, Kadutu na Bagira ili habari ya direkta ifike hata intaneti ikikufa. Mulinijibu tuangalie kwanza wapi kunaonana na wapi kwa macho, sababu anteni moja inapaswa kuona ingine. Basi tulipanda juu ya mabati na prefe (mkuu wa shule), kumbe kilima kwa kilima inaonana vizuri, isipokuwa masomo moja ya Bagira, mkaratusi mukubwa unaziba njia, jua likiwaka anteni inashika, mvua ikinyesha majani yanalowa rezo inapotea. Mti hatukuukata, nguzo njo tuliongeza mita 4.

Kadutu njo ilituumiza. Fundi wa kwanza alivuta kebo ya shaba mita 130 toka biro mpaka madarasani, na kebo ile mwisho wake ni mita 100, tena radi za huku munazijua, swichi mbili (vyombo vya kugawa rezo) ziliungua. Sasa kati ya majengo ni fiba (kebo ya kioo inayopitisha mwanga), yenyewe haipitishi umeme, na kila nguzo iko na waya unaoshuka ndani ya udongo.

Jana umeme ulikatika saa tano, taa za swichi zikaendelea kuwaka kwa batri, mwalimu wa Bagira akanipigia kwa simu ya ndani inayopita kwa rezo yetu, nikasikia batoto banaimba nyuma yake, nilifurahi sana kweli. Inabaki intaneti ya akiba toka kampuni ya pili, mama wa kesi (mwenye kutunza pesa) anasema tungoje minervali (karo ya shule) iingie.